Mwenye Pai ya Limau

Mistari kumi na mmoja. Mzee Kimeu aliihesabu mara mbili kwenye simu, kidole kikishuka polepole juu ya kioo kilichopasuka pembeni, na mara zote mbili ilikuwa kumi na mmoja. Daftari lake lilikuwa na kurasa tisa. Kurasa tisa za wino wa buluu, alizoziandika kwa muda wa miaka saba, sasa zilikuwa mistari kumi na mmoja, na chini yake pameandikwa: "Asili yake ni Uingereza. Imeletwa kwenu na Kalondu, Birmingham."

Kalondu ni bintiye wa kuzaa. Ni muuguzi huko ng'ambo, na ndiye aliyemnunulia baba yake hiyo simu mama yake alipofariki, akamwingiza katika kundi la mapishi linaloitwa Jiko Bila Mpaka ili mzee asizeeke na kimya. Kundi lina wanawake mia na sitini na mwanamume mmoja. Wako Emali, wako Nairobi, Dodoma, Kampala, Minneapolis. Mwezi uliopita Kalondu alipokuja likizo Mutomo alilipiga picha lile daftari ukurasa kwa ukurasa, akasema, "Baba, hii pai ya limau itajulikana dunia nzima." Mzee alifurahi. Alimchinjia kuku.

"Washenzi," alisema sasa, peke yake jikoni. Kisha akampigia.

"Baba! Umeiona? Watu wameipenda, wamejaza vimoyo vyekundu!"

"Kathini yuko wapi?"

"Kathini gani?"

"Kalondu. Ukurasa wa nne, wa tano na wa sita ni wa Kathini. Umezitupa wapi?"

"Aah, yule wa nguo." Kalondu alicheka. "Baba, hizo zilikuwa habari za kufua. Mtu wa Dodoma anataka kupika pai. Hataki kujua vilemba vya masista vilipigwaje pasi mwaka wa sabini na nne."

"Nani alikuambia hataki?"

"Kundi lina mpango wake. Viungo, vipimo, hatua. Basi. Mtu anasoma akiwa amesimama, mikono ina unga."

"Na hii Uingereza imetoka wapi? Uingereza ndiyo iliyokuwa ikipasua kuni hapa Mutomo?"

"Si Sista alikuwa Mzungu?"

"Sista alikuwa wa Ayalandi. Ungemwita Mwingereza angekupiga na mwiko."

Kalondu alicheka tena, na kicheko hicho kilimchoma mzee kuliko maneno. "Sasa unataka niandike nini, Baba?"

"Andika jina lake. Juu kabisa. Kabla ya mayai."

"Nikimtaja mmoja, kila mtu atataka kutajwa."

"Ndiyo! Watajwe!"

"Baba, naitwa wodini. Nitakupigia."

Hakupiga. Siku hizi ndivyo ilivyo. Mtu anakupa kitu mkononi bila kukuambia amekitoa wapi, nawe unakipokea bila kuuliza. Zamani Ukambani mzinga wa nyuki ulichongwa alama ya ukoo, na mshale ulikuwa na alama ya mwenyewe. Wawindaji wawili wakigombania mnyama, waliusoma mshale na ugomvi ukaisha. Hata aliyeiba asali alijua anamwibia nani. Leo asali inakuja ndani ya chupa ya plastiki kando ya barabara, na ukiuliza ni ya wapi unaambiwa, "Mzee, ni asali tu."

Kimeu alifika kwenye ile nyumba ya wageni mwaka wa 1972, akiwa na miaka kumi na tisa na darasa la tatu. Ilikuwa nyumba ndogo ya mawe kwenye njia ya Ikutha, ya masista waliopokea wageni wa kanisa, na imeshafungwa zamani. Aliajiriwa kupasua kuni. Jikoni alitawala Sista Bernadeta, mwanamke mrefu mwenye mikono mekundu, aliyekuja na kitabu cha mapishi cha mama yake. Ndani ya kitabu hicho ndimo ilimokuwa ile pai: ganda la unga na siagi, rojo kali ya limau katikati, na juu yake povu jeupe la mayai na sukari ambalo wenyewe huliita merengi, lililobabuliwa kidogo kwenye ncha kwa moto wa stovu.

Ilitoka stovuni ikiwa imejivuna. Wageni walipomaliza kusali kabla ya chakula, ilikuwa inalia. Juu ya povu palitoka matone ya jasho ya rangi ya chai, chini yake pakawa na maji, na povu zima likateleza upande mmoja kama kofia ya mlevi. Sista alilaumu jua la Mutomo. Alilaumu malimau, yaliyotoka Nunguni ndani ya gunia. Alilaumu mayai ya kuku wanaokula mchwa. Siku nyingine alizilaumu kuni, yaani alimlaumu Kimeu.

Kathini hakuwa mpishi. Alikuwa dobi. Kazi yake ilikuwa nyuma ya jikoni, kwenye sufuria ya wanga, akivitia ugumu vilemba vya masista. Wanga wa nguo ulipokosekana Nairobi, alipewa kornflaua ya jikoni, ule unga mweupe laini unaotengenezwa kwa mahindi, unaofanya mchuzi uwe mzito. Aliuchemsha ukawa uji wa kung'aa na kuutumia vivyo hivyo. Siku moja aliliegemea dirisha, mikono ikitoa mvuke, akaitazama pai iliyokuwa ikilia mezani, akamwambia Kimeu kwa Kikamba:

"Nyinyi mnaiacha ipoe ndipo mnaivika nguo."

"Kitabu kinasema ipoe."

"Kitabu hakijawahi kutia wanga kitambaa. Wanga ukipoa hauna mkono tena. Kitu cha kushikwa kinawekwa juu yake ungali wa moto. Na hata hilo povu lenu, lipe kijiko cha wanga uliopikwa. Limesimama kwa majivuno tu, halina mfupa."

Sista alipoambiwa alicheka. Lakini juma lililofuata alikwenda Kitui mjini, na dobi na mpasua kuni wakafunga mlango wa jikoni. Walipika rojo, wakaimwaga kwenye ganda ikiwa bado inatokota, na papo hapo Kathini akalivika povu lililotiwa kijiko cha wanga uliopikwa, akilibana kwenye kingo kwa mgongo wa kijiko kama anayekunja upindo. Walikaa chini wakaitazama. Ilipita saa nzima. Ilipita ya pili. Mchana ule wa joto la Mutomo haikutoa hata tone.

Sista aliporudi alionja, akachukua kalamu, akaandika kitu pembeni mwa kitabu cha mama yake.

Hapo ndipo Kimeu alipoanza kusoma Kiingereza. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa na maandishi ya mifuko ya unga, na kamusi isiyo na jalada iliyoanzia neno la tatu la herufi B. Alitaka kujua kimeandikwa nini pale. Ilimchukua miezi mitano, na sentensi ya kwanza ya Kiingereza aliyoielewa maishani mwake bila msaada wa mtu ilikuwa hii: Njia ya Bernadeta, kwa nchi za joto.

Alimsomea Kathini. Kathini alikuwa akikamua shuka. "Kwani jina linaliwa?" alisema, akaendelea kukamua. Aliletwa jikoni baadaye, akapika humo miaka ishirini na miwili, na wageni waliosifu pai walimsifu Sista. Kathini alifariki mwaka wa 1998. Baada ya mazishi Kimeu alinunua daftari.

Hakuandika kama vitabu vinavyoandika. Kila hatua aliiweka chini ya mtu aliyeileta. Jonah, dereva wa lori, ndiye aliyesema maji ya kukandia ganda yaning'inizwe usiku kwenye mfuko wa turubai ili yawe baridi, kwa hiyo maji yalikuwa chini ya Jonah. Sukari ilikuwa chini ya Sista, maana mzee hakuwa mwizi na cha Sista alimpa Sista. Na ile habari ya wanga na moto ilikuwa ndani ya kurasa tatu za vilemba na pasi, kwa sababu huko ndiko ilikotoka. Hakuna mahali alipoandika "mimina povu rojo ikiwa moto." Aliandika, "Kathini alisema wanga ukipoa hauna mkono." Alidhani kila mwenye akili angeelewa.

Kundi lilipanga kuipika wote pamoja Jumamosi. Siku tatu kabla yake zilikwisha kwa mabishano ya majina ya viungo, kwa maana Kalondu, ili kuwapendeza wa Amerika, alikuwa ameandika kornstachi.

"Dada, kornstachi ni nini?" aliuliza wa Dodoma.

"Ndiyo kornflaua," alisema Kalondu.

"Ah, unga wa sembe! Ninao."

"Si wa ugali! Ukitia wa ugali utakula pai na sukuma wiki!" Huyo alikuwa Wangechi, mwenye duka la mikate kule Emali, ambaye ndiye kiranja wa kundi na sauti yake husikika hata ukiiweka simu mfukoni.

Wa Kampala akauliza kama limau ni lile la kijani au la manjano, wa Dodoma akasema la kijani ni ndimu, wa Nairobi akasema kwao sokoni yote ni lemon na mwenye kibanda hataki maswali. Wa Minneapolis akauliza kikombe ni cha nchi gani. Ikatokea kwamba kikombe cha Amerika si kikombe cha Uingereza, na cha Kimeu kilikuwa cha bati kilichobonyea. Sukari laini ikapewa majina manne. Mtu mmoja aliuliza kama majarini ni siagi, na wakakaribia kutukanana. Mzee alisikiliza yote hayo akiwa amekunja uso. Wanabishana juu ya jina la unga siku tatu, aliwaza, na jina la mtu hawana nafasi nalo.

Jumamosi jioni picha zilianza kuingia. Pai ya Dodoma ilikuwa inalia. Ya Kampala ilikuwa inalia. Ya Nairobi povu lilikuwa limehama kabisa, limekaa kwenye sinia peke yake. Wangechi alituma ya Emali pamoja na sauti:

"Mzee Kimeu, shikamoo. Hii pai yako inalia kuliko mjane. Nimepika mikate miaka kumi na minne, sijaona aibu kama hii. Kuna siri umeficha?"

Mzee alibonyeza kitufe cha sauti. "Inamlilia mwenyewe," alisema.

"Mwenyewe nani tena?"

"Mama aliyegundua dawa yake. Jina lake lilikuwa kwenye daftari, mkalitoa. Mlipomtoa alitoka na dawa yake. Mrudisheni, nitawaambia."

Halafu wa Minneapolis akaandika kwamba mzee aachwe apumzike, kwani yeye amepata mapishi ya Wazungu yenye video. Wengine wakatuma vikatuni vya kucheka. Kalondu akampigia faraghani.

"Baba, unaniaibisha mbele ya watu. Waambie tu hiyo hatua. Ni sentensi moja!"

"Ndiyo, ni sentensi moja. Na jina ni neno moja. Mbona hilo moja ndilo zito?"

"Huyo mama amekufa, Baba. Haimsaidii."

"Kwa hiyo mtu akifa anaibiwa halali?"

Kalondu akakata simu. Mzee akaizima yake, akaitia ndani ya debe la mtama na kulifunika. Siku tatu hakuligusa lile debe. Aliwaambia mbuzi wake mambo mengi kuhusu watoto waliosomeshwa.

Siku ya nne alikuja Hani. Hani ni mke wa Bishar, mnunuzi wa mbuzi kutoka Garissa aliyehamia Mutomo miaka mingi iliyopita; watoto wao wanaongea Kikamba kuliko wa Kimeu. Naye yumo kundini, ingawa huwa hasemi sana. Alikuja kwa miguu jua likiwa kali, amebeba sinia lililofunikwa kitambaa. Alipokifunua, pai yake ilikuwa kidimbwi.

"Adeer," alisema, maana humwita ami kwa lugha ya kwao, "sikuja kukuomba siri."

"Basi umeleta mgonjwa anisalimie?"

Alicheka, akaketi kwenye kigoda. "Nimekuja kukuuliza, ulipokea kwa nani?"

Mzee alimtazama. Katika watu mia na sitini, hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo.

"Kwetu mtoto mdogo anawataja babu zake kumi na zaidi bila kupumua," Hani aliendelea. "Na mwalimu wa chuo cha Kurani hakusomeshi kitu kabla hajakuambia yeye alisomeshwa na nani, na huyo alisomeshwa na nani. Kitu kisicho na mnyororo hakiaminiki. Niliposoma yale ya Kalondu nikaona, hii haina mnyororo. Nikapika hivyo hivyo kwa tamaa. Sasa tazama."

Mzee alimwambia yote. Alimwambia sufuria ya wanga, dirisha, mlango uliofungwa, povu lililokaa saa mbili bila tone. Alimwambia maneno yaliyoandikwa pembeni mwa kitabu. Alisema kwa muda mrefu, mate yakimruka, na Hani hakumkatiza isipokuwa mara moja kuuliza kijiko cha wanga kilikuwa kidogo au kikubwa. Mwishowe akatoa simu yake.

"Nitaituma kundini na mnyororo wake. Wakitaka wacheke." Akaanza kusema ndani ya simu, taratibu, kama anayesoma: "Hii nimepokea kwa Kimeu." Akasimama. "Adeer, Kimeu wa nani?"

"Wa Mbuvi."

"Nimepokea kwa Kimeu wa Mbuvi, wa Mutomo, naye alipokea kwa Kathini." Akasimama tena. "Kathini wa nani?"

Mzee alifungua mdomo.

Kuku alipita kati yao. Hani alingoja, kidole juu ya simu.

"Kathini tu," alisema mzee.

"Adeer, hakuna mtu wa tu."

Mzee alifanya kazi na Kathini miaka ishirini na sita. Alijua kwamba alipenda chumvi ya mawe, kwamba hakuvumilia harufu ya mafuta ya taa, kwamba goti lake la kushoto lilitabiri mvua kuliko redio. Alikuwa akimwita Mama Wanga. Alizikwa na kanisa, kwenye makaburi ya kanisa, na msalaba ulikuwa na jina moja. Kimeu alisimama pale kaburini akaliona hilo jina moja na hakushtuka.

"Alikuwa wa upande wa Kanziko," alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Alikuwa na mdogo wake."

Hani aliifuta ile sauti. "Basi sitatuma mpaka iwe kamili. Alhamisi Bishar anaenda na lori mnada wa Kanziko. Kiti cha mbele ni chako."

Kwa siku mbili mzee hakuweza kumlaumu mtu yeyote, na hali hiyo ilimchosha kuliko kupasua kuni.

Kumpata mdogo wake Kathini hakukuwa kazi. Mnadani Kanziko mtu wa tatu kuulizwa alinyoosha mkono. Syokau alikuwa kikongwe mkavu, ameketi kivulini mwa ghala lake akitenga kunde na mawe, na macho yake yalikuwa mazima.

"Naitwa Kimeu," alisema mzee. "Nilipika pamoja na dada yako."

"Najua. Wewe ndiwe wa kuni."

"Nimekuja kuuliza jina la baba yenu."

Syokau alitupa jiwe moja. Akatupa la pili. "Dada yangu amekufa miaka ishirini na mitano. Mimi niko hapa hapa, nyumba haijahama. Umekula kutoka mkono wake ujana wako wote, na hukupata siku moja ya kuja kuniambia pole. Leo umekuja, na umekuja kuchukua."

Kimeu akaanza kueleza. Alieleza habari ya kundi, ya pai, ya nchi tano. Kikongwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Hicho kitu," alisema, "mimi sijawahi kukiona."

"Hata siku moja?"

"Walikuwa hawaruhusiwi kutoka na chakula. Si unajua? Alitusimulia tu. Watoto walikuwa wakimwomba awasimulie kama hadithi. Basi, nenda. Ukirudi, rudi nacho. Nikikila ndipo nitakuambia jina la baba yangu."

Alirudi Alhamisi iliyofuata na lori lile lile. Alikuja na malimau ya Nunguni, mayai kumi na mawili ndani ya majivu yasivunjike, siagi ndani ya chupa ya maji baridi, kornflaua, sukari aliyoisaga mwenyewe kwa chupa. Syokau hakuwa na stovu. Kimeu alitandika mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaiketisha kwenye mafiga matatu, akapanga makaa ya moto juu ya kifuniko: moto juu, moto chini. Wakati wa kutenga viini na ute alivunja viini viwili, akaanza upya. Alipiga povu kwa uma mbili alizozifunga pamoja. Wajukuu wa Syokau walijaa mlangoni. Rojo ilipotokota alilivika povu papo hapo, akalibana kingoni kwa mgongo wa kijiko, na hakuna aliyepumua kwa nguvu mpaka kifuniko kilipofungwa.

Ilitoka imesimama. Aliiweka kivulini mbele ya kikongwe, wakangoja kama yeye na Kathini walivyongoja zamani, na jua la Kanziko ni kali kuliko la Mutomo. Haikutoa tone.

"Mulandi," alisema Syokau kabla hata ya kuonja. "Baba yetu aliitwa Mulandi."

Kimeu akatoa kalamu, akaandika kwenye daftari: Kathini wa Mulandi, wa Kanziko.

Kikongwe akakatiwa kipande. Alikila polepole, kwa mkono, mpaka kikaisha. Alilamba kidole gumba. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ni hiki alichokuwa akipika siku tulipomzika mama?"

Mzee aliweka kisu kando.

"Mwaka wa themanini na moja. Tulimtuma mtu Alhamisi asubuhi. Akarudi akasema, kuna wageni wakubwa kutoka ng'ambo, Kathini ameambiwa amalize kwanza kupika kitu cha limau, halafu ataletwa na gari. Gari likawapeleka wageni. Alifika Jumamosi kwa miguu. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa."

Mzee aliikumbuka siku hiyo. Aliikumbuka vizuri mno. Povu halikuwahi kusimama vile, na yeye Kimeu, mwenye kuni, alimwambia Kathini kwamba pai hiyo ndiyo bora kuliko zote alizowahi kupika. Kathini alikuwa amempa kisogo akiosha sufuria. Hakumjibu, naye alidhani amechoka.

"Hakutuambia," alisema. "Mimi hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

Watoto walikuwa wakigombania makombo. Syokau aliwatazama, akawaacha wale.

"Futa jina la baba yangu," alisema. "Baba alikuwa pale kaburini akitazama njia siku mbili. Jina lake haliingii kwenye hicho chakula."

"Lakini wataandika nini, mama? Nimewagombeza watu wa nchi tano kwa ajili ya jina."

"Waandike Kathini. Kathini peke yake. Hiyo kazi aliifanya peke yake."

Kimeu alichukua kalamu akapitisha mstari juu ya neno Mulandi, kisha mwingine, na mwingine, mpaka lisisomeke. Alimpigia Hani palepale, maana mtandao ulikuwepo karibu na ghala, akamwambia atume. Na alipoulizwa tena, Kathini wa nani, alijibu kwa ukali uliomshangaza hata kikongwe, "Sema Kathini. Na yeyote atakayeuliza wa nani, mwambie wenyewe wamekataa, na wana haki."